Mama Fungua Anaondoka Ijumaa, na Safari Hii ni Kweli

Mama Fungua, ofisa nyaraka wa gazeti letu, ataondoka kazini Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, ofisa utumishi alisema jana asubuhi. "Safari hii ni kweli," akaongeza, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Alikuwa na sababu ya kuongeza. Hii ni mara ya tatu kwa jarida hili la wafanyakazi kutangaza kustaafu kwake. Wasifu wa kwanza ulitoka miaka miwili iliyopita. Wa pili ulitoka mwaka jana, ukiwa na picha ileile. Yote miwili iliandikwa na mwandishi wa wasifu huu, na yote miwili ilikutwa na kosa moja kubwa, yaani mhusika hakustaafu. Kwa mtu aliyekaa miaka ishirini na sita kwenye meza ya habari, hiyo si rekodi ya kuning'iniza ukutani.

Hakubaki kwa sababu ya kuipenda ofisi kupita kiasi. Alibaki kwa sababu sisi hatujui kufungua mafaili kwenye simu zetu wenyewe. Sasa ametosheka. Binti yake, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine, anatarajia kujifungua mtoto wa pili tarehe 12 mwezi ujao, na Mama Fungua amesema wazi kwamba safari hii anataka kuwa ndani ya chumba, si nje kwenye korido akiwa na simu sikioni. Sababu ya kusema hivyo imeelezwa hapa chini na inamhusu mwandishi. Hakuna namna ya kuizunguka.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Ofisi ya mapokezi ilikuwa na mashine mbili za taipu, moja ikiwa haina herufi ya "m", na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mgeni, akapewa hiyo. Kwa miezi saba alichapa barua za wasomaji na kuingiza kila "m" kwa kalamu. Wanaojua lugha yetu wanaweza kukadiria kazi hiyo.

Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilikaa miezi mitatu ndani ya nailoni yake, juu ya meza ya mhariri mkuu wa wakati huo, ikifutwa vumbi kila Jumatatu. Aliyeivua nailoni ni Mama Fungua. Alipoulizwa nani amemruhusu, alijibu kwamba hakuna aliyemkataza. Akapelekwa kozi ya wiki mbili, akarudi, akapewa usanifu wa kurasa, kisha maktaba ya picha, kisha nyaraka zote. Tangu hapo anwani yake imekuwa chumba namba tisa, mwisho wa korido, kati ya stoo na mlango wa choo cha wageni.

Chumba hicho kina meza mbili, kompyuta mbili, feni moja iliyofungwa kwa waya isianguke, na kabati la chuma ambalo droo yake ya chini imejaa nyaya za kila simu iliyowahi kuuzwa. Kila waya una karatasi ndogo iliyogundishwa kwa gundi. Moja imeandikwa "ya mhariri wa michezo, aliisahau, asikumbushwe." Juu ya kabati kuna madaftari matatu yenye jalada la kijani. Ndani yake ameandika kila faili gumu lililoletwa kwake: tarehe, limeletwa na nani, limetoka wapi, lilikuwa la aina gani, na lilifunguka kwa njia ipi. Daftari la tatu linamtaja mwandishi wa wasifu huu mara mia nne na kumi na mbili. Anayefuata ni mpiga picha mkuu, mara mia moja na tisini. Hakuna anayemkaribia mwandishi.

Jina la Mama Fungua tulimpa sisi, na si kwa ubunifu. Miaka kumi na moja iliyopita uongozi uligawa simu za kisasa kwa waandishi wote na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo ofisi ni mfukoni mwa kila mtu. Tulipiga makofi. Kesho yake saa nne asubuhi mwandishi wa mahakama alikuwa mlangoni kwa Mama, simu mkononi. Hukumu aliyotumiwa ilikuwa imekuja kama faili ambalo simu yake ililitazama na kuandika kwamba haiwezi kulifungua. "Mama, nifungulie," akasema. Kufikia mchana walikuwa wamepanga foleni hadi mlango wa choo, na wageni waliokuja kujisaidia wakadhani nayo ni foleni ya choo.

Lilikuja kila aina ya faili. Ramani za idara ya ardhi, ambazo simu ilizionyesha kama karatasi nyeupe. Picha zilizopigwa kwa simu ya aina moja, zikakataa kuonekana kwenye simu ya aina nyingine. Majedwali ambayo nguzo zake zilipishana hadi jina la mtu likakaa kwenye safu ya umri. Mizigo ya mafaili iliyobanwa ikawa faili moja, ambayo simu iliishika na isijue pa kuanzia kuifungua. Ofisi zinazotutumia nyaraka hutumia programu wanazozijua wao, nyingine za enzi za disketi, na hawana habari kwamba anayezipokea amesimama juani kwenye uwanja wa mkutano akiwa na simu yenye asilimia kumi na nne ya chaji.

Kila faili, Mama alitueleza, lina mkia: nukta moja, kisha herufi tatu au nne. Mkia huo huiambia simu ni aina gani ya kitu kimo ndani, ili ijue programu ya kukifungulia. Maelezo hayo yalikuwa mafupi na yaliyonyooka. Madhara yake yalikuwa makubwa, kwa sababu mwandishi wa wasifu huu aliyaelewa nusu.

Alitumiwa ripoti ya idara ya maji, ikakataa kufunguka. Akautazama mkia. Akaona haufahamu. Akaufuta, akaandika mkia wa PDF ambao anaufahamu, na akamtangazia mhariri wa zamu kwa sauti, mbele ya meza nzima ya habari, kwamba faili ameshalibadilisha mwenyewe. Akashauri hata wengine wafanye hivyo badala ya kumsumbua mama wa watu. Simu ikasema faili limeharibika. Akajaribu mkia wa picha, wa sauti, wa video, na mmoja aliouona kwenye kabrasha la mtu mwingine. Alipofika chumba namba tisa, ripoti ilikuwa imepitia mikia sita na mwenyewe hakukumbuka ule wa kwanza ulikuwa upi. Mama aliitazama simu. "Mdogo wangu," akasema, "umebadilisha kibao cha mlangoni. Chumba ni kilekile."

Hakuwa peke yake katika maarifa haya. Mpiga picha mkuu, mtu mwenye tuzo mbili, alipewa kazi ya kumtumia mwandishi mmoja aliyekuwa safarini ripoti ya kurasa arobaini na sita. Simu ya mwandishi ikakataa faili. Mpiga picha akaifungua ripoti kwenye kompyuta ya ofisi, akakipiga kioo picha arobaini na sita kwa simu yake, na kuzituma moja moja. Ukurasa wa thelathini na moja ni kidole. Kuanzia wa thelathini na nane, taa ya dari imemulika maandishi yote isipokuwa neno "hata hivyo." Mama aliibadili ripoti yenyewe kwa dakika mbili, akaituma, kisha akazihifadhi zile picha arobaini na sita kwenye kabrasha lenye jina "Sanaa."

Mhariri wa zamu yeye alikuwa na njia ya heshima zaidi. Kila faili lililoikataa simu yake alilichapisha kwenye karatasi, akaipiga karatasi picha, akajitumia picha hiyo kwenye simu, na kuisoma kwa kuikuza mstari kwa mstari kwa vidole viwili. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu. Alipoambiwa kuna programu ya bure inayosoma aina hiyo ya mafaili moja kwa moja, aliuliza imekuwapo tangu lini, kisha akaomba asijibiwe.

Siku moja tu tulimsikia Mama akipandisha sauti. Mhariri wa michezo alikuwa amepata orodha ya matokeo ya vipimo vya afya vya wachezaji, ikiwa na majina na magonjwa yao, na kwa kuwa simu ilikataa kuisoma, akaipeleka kwenye tovuti ya kubadilishia mafaili bure, mali ya watu asiowajua. Aliona ameokoa muda. "Ungempa mtu barabarani bahasha ya mgonjwa akusomee?" Mama alimuuliza, na korido nzima ikasikia. "Hata kama anasoma bure?" Orodha hiyo haikutumika gazetini. Tangu siku hiyo kuna karatasi mlangoni pake inayosema kwamba la siri hubadiliwa humu ndani, au halibadiliwi.

Njia yake ya kazi ni fupi kuliko tunavyopenda kusimulia. Kwanza, usiliguse faili lenyewe, tengeneza nakala. Pili, tazama mkia, na usiubadilishe. Tatu, muulize aliyekutumia alitumia programu gani, na kama anaweza kutuma upya kwa aina inayosomwa na kila simu. Mara nyingi kazi huishia hapo, na ndiyo hatua tuliyoiruka miaka yote kwa kuona aibu kuuliza. Nne, jaribu programu ya kutazamia inayofungua aina nyingi. Tano, ikishindikana, badili nakala kwa programu ya kubadilishia. Sita, hesabu kurasa au sikiliza mpaka mwisho, uhakikishe hakuna kilichobaki njiani. Hatua zote sita huchukua muda mfupi kuliko foleni ya mlangoni kwake.

Sasa lile la korido.

Miaka minne iliyopita gazeti lilichapisha habari kwamba mkandarasi wa zahanati moja alijenga ukuta bila chuma ndani. Chanzo kilikuwa mkandarasi mwenyewe, aliyemwambia mwandishi wa wasifu huu hivyo kwa kinywa chake, mbele ya kinasa sauti. Baadaye mkandarasi akakana, akaenda kwenye kamati inayosikiliza malalamiko dhidi ya magazeti. Kamati ikatoa muda hadi saa nane mchana wa siku ya kikao: sauti isikike hapo hapo mbele yao, au gazeti liombe radhi ukurasa wa kwanza. Kwa mwandishi, radhi hiyo ingeambatana na barua ya kuachishwa kazi. Hilo lilikuwa limeshasemwa.

Mwandishi alikwenda kwenye kikao akiwa na nakala ya sauti kwenye simu yake. Hakuwa ameijaribu. Kinasa sauti kilikuwa cha zamani na kilihifadhi sauti kwa aina yake chenyewe, ambayo simu haikuitambua. Simu za mhariri mkuu, mwanasheria, karani wa kamati na wajumbe wawili wenye huruma nazo zilikataa. Ilikuwa saa saba na dakika tano. Simu ikapendekeza kulifungua faili kama maandishi, na mwandishi akakubali. Zikatokea kurasa za alama zisizosomeka. Akatafuta sauti humo ndani. Alipoikosa, simu ikamuuliza kama ahifadhi mabadiliko, naye, akiwa mtu mwenye adabu, akabonyeza ndiyo. Hapo ndipo nakala ilipokufa.

Akampigia Mama Fungua. Mama alikuwa likizo ya siku tatu, hospitali, mji mwingine, pembeni ya kitanda cha binti yake aliyekuwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Mwandishi alikuwa anajua hilo. Alikuwa ametia sahihi kadi ya kumtakia heri. Alipiga hata hivyo.

Mama akatoka koridoni. Akasikiliza. "Kinasa chenyewe kiko wapi?" akauliza. Kilikuwa droo ya meza ya habari, ofisini. "Basi wewe usiguse kitu tena. Weka simu mezani. Weka na mikono." Akakata, akampigia dereva wa ofisi, kwa sababu dereva ndiye mtu pekee katika jengo lile ambaye, akiambiwa asiguse, hagusi. Dereva akakitoa kinasa, akaenda chumba namba tisa, akachagua waya kwenye droo ya chini, akatengeneza nakala kwanza, akaibadili nakala kwa programu ambayo Mama alimwonyesha kwa kumweleza rangi ya vitufe, kisha akaisikiliza yote, dakika kumi na tisa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asikilize mpaka mwisho, ndipo akaituma kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati. Mwandishi alipiga mara nne katika muda huo kuuliza kumechelewa nini. Kila mara Mama alipokea.

Saa nane kasoro dakika kumi, kwenye chumba kilichokuwa hatua sita kutoka alipokuwa amesimama, mjukuu wake alizaliwa. Muuguzi aliyetoka kumwita alimkuta akimwambia mwandishi kwenye simu, "Haya, limefika? Bonyeza cheza. Hiyo yenye pembe tatu, baba. Pembe tatu!"

Saa nane kasoro dakika tatu, sauti ya mkandarasi ilisikika kwenye simu ya mwenyekiti wa kamati, wazi kabisa: "Ukuta ule mimi sikutia chuma. Andika ukitaka, nani atausukuma?" Malalamiko yakatupwa. Mwandishi akabaki na kazi yake, akanunuliwa soda na mhariri mkuu, na akaandika habari ya ushindi isiyomtaja Mama Fungua hata kwa mstari mmoja. Makosa mengine ya miaka ishirini na sita yana maelezo. Hilo halina.

Mama aliporudi kazini aliuliza jambo moja tu: sauti ilisikika vizuri? Hakulizungumzia lile jingine. Aliyelizungumzia ni binti yake, alipopita ofisini mwaka uliofuata na mtoto mgongoni. Alitambulishwa kwa kila mtu. Alipofika kwa mwandishi akamtazama kuanzia viatu. "Kumbe mjomba, wewe ndiye saa nane kasoro kumi," akasema, na akampa mtoto ambebe. Mwandishi alimbeba mpaka mtoto alipolia, yaani kwa muda mfupi.

Kwa hiyo, Mama alipotimiza umri wa kustaafu miaka miwili iliyopita, ilitarajiwa kwamba tungemwachia aende kwa adabu. Siku ya kumuaga, matokeo ya mitihani ya shule zote yalitoka katika faili ambalo hakuna simu ya mwandishi hata mmoja aliyekuwa nje iliyoweza kulisoma. Keki ilikatwa bila yeye. Alikuwa chumba namba tisa, amevaa nguo ya sherehe, akiyabadili matokeo shule kwa shule. Jioni uongozi ukaongeza mkataba kwa mwaka mmoja. Mwaka huo ulipokwisha, ukafanyika mtihani wa kupima kama tunaweza kubaki peke yetu. Watu thelathini na wanne, mafaili matano kila mmoja, kwenye simu yake mwenyewe, nusu saa, bila kumuuliza mtu. Walifaulu saba. Mmoja wa walioanguka alileta maombi ya kusamehewa kwa sababu ya umri. Mama ana miaka tisa zaidi yake.

Akakubali mwaka wa mwisho kwa sharti kwamba autumie kutufundisha. Kila Jumatano saa tano asubuhi tulikaa kwenye chumba cha mikutano, simu mezani, kama watoto wanaosubiri chanjo. Mhariri wa zamu alihudhuria madarasa sita ya mwanzo akiwa na simu isiyo na chaji, akiamini haitagundulika. Mpiga picha mkuu aliandika hatua zote sita kwenye kiganja, kisha akanawa mikono. Mama hakucheka wala kukasirika. Alirudia. Mtu akisema "limekataa," alijibu, "Halijakataa. Halijaulizwa vizuri." Ilipofika mwezi wa tano watu wakaanza kuulizana wao kwa wao, na foleni ya koridoni ikabaki ya choo.

Mtihani ulirudiwa wiki tatu zilizopita. Kati ya thelathini na wanne, thelathini na mmoja wamefaulu. Wa kwanza ni dereva, aliyefungua mafaili yote matano kwa dakika kumi na moja na ambaye ameombwa na uongozi aache kulitaja. Walioanguka ni watatu. Mhariri wa zamu alifungua manne, la tano akalichapisha. Mpiga picha mkuu alifungua manne, la tano akalipiga picha. Mwandishi wa wasifu huu aliyafungua yote matano, lakini la mwisho lilipofunguka hakuamini, akampigia Mama simu kumuuliza kama limefunguka. Mama alikuwa amekaa meza ya pili, ndiye msimamizi. Simu iliita chumba kizima kikiwa kimya. Aliiacha iite mpaka ikakatika, akaandika alama.

Ofisa utumishi amesema matokeo hayo yanatosha na kwamba hakutakuwa na nyongeza ya mkataba, hata kama hukumu zote za nchi zitatumwa kwa disketi. Chumba namba tisa kitabaki wazi na kompyuta zake mbili. Ufunguo wake anakabidhiwa dereva, ambaye kuanzia tarehe mosi mwezi ujao cheo chake kitakuwa ofisa nyaraka msaidizi. Madaftari matatu yanabaki juu ya kabati. Mama ameandika mbele ya kila moja orodha ya aina za mafaili na ukurasa wa kutazama, kwa herufi kubwa, akijua nani atasoma.

Kamati ya zawadi, ambayo mwandishi ni katibu wake, ilipendekeza saa ya ukutani, kisha seti ya vyombo, kisha kiti cha kupumzikia. Mama alisikiliza mapendekezo yote kwa heshima. Kisha akasema hana shida na vyombo. Anachotaka ni kwamba kila mmoja wetu afute namba yake ya simu, mbele yake, aone. Mjumbe mmoja aliuliza kama anaweza kubaki nayo kwa ajili ya salamu tu. "Salamu zenu nazijua," Mama akajibu. "Huanza na habari za nyumbani, huishia kwenye faili." Kamati ilipiga kura. Waliokubali walikuwa wote, pamoja na katibu, aliyegundua wakati huo kwamba ameihifadhi namba hiyo kwa majina manne tofauti, moja likiwa "Dharura" na jingine "Dharura 2."

Ametuhudumia kwa miaka thelathini na mitatu bila kutuuliza hata mara moja tulikuwa tunafikiria nini, swali ambalo tusingekuwa na jibu lake. Hajapoteza faili la mtu. Amezuia radhi ya ukurasa wa kwanza na ameokoa ajira moja isiyostahili. Mama, tunakushukuru, na kwa lile la koridoni tunakuomba radhi, hapa, kwa maandishi, kwa kuchelewa kwa miaka minne. Tunakuombea siku ndefu, afya, wajukuu wengi, na simu isiyoita.

Marudio ya mtihani kwa watu watatu walioanguka yatafanyika Alhamisi tarehe 27, saa tatu asubuhi, chumba cha mikutano. Msimamizi ni dereva. Ijumaa saa tisa alasiri wafanyakazi wote wapange mstari koridoni, simu mkononi, kufuta namba. Wa kwanza kwenye mstari, kwa maelekezo ya Mama, ni mwandishi wa wasifu huu. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi Mama atapanda basi kwenda kwa binti yake. Mtoto anatarajiwa tarehe 12. Siku hiyo, kwa mujibu wa ratiba, mwandishi yuko zamu kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na kwa kuwa namba ile anaijua kwa kichwa, simu yake itakuwa kwa dereva.